Kuhesabu tripu za kila njia kwa SQL: namba inayoanza upya kila kundi

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tuna jedwali la tripu za matatu hapa Mombasa, na kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, tunataka kila njia iwe na hesabu yake ya kila siku. Tripu ya kwanza ya Likoni–Ukunda iwe 1, inayofuata 2, lakini tukifika Buxton–Mtwapa hesabu ianze tena 1. Na kesho yake njia zote zianze upya.

Jedwali linaitwa safari. Lina safuwima tano: id, njia, tarehe, saa na gari. Ile id hujijaza yenyewe rekodi inapoingia, na wengi huichukua kama ndiyo hesabu. Kwa kazi hii haifai. Haijui njia wala siku, na rekodi ikifutwa linabaki pengo.

Kwanza angalia toleo la hifadhidata yako. Tutatumia ROW_NUMBER, inayozipa rekodi namba ndani ya kila kundi. PostgreSQL ina uwezo huu tangu toleo la 8.4, mwaka 2009. MySQL iliupata kwenye 8.0 na SQLite kwenye 3.25, zote mwaka 2018. Kama seva yenu ingali MySQL 5.7, amri hii itakataliwa. Ile mbinu ya zamani ya kuhesabu kwa vigeu (variables) vya alama ya @ siipendekezi kabisa, kwa sababu MySQL haikuhakikishii mpangilio ambao vigeu hivyo vitahesabiwa.

Haya, andika pamoja nami, pole pole:

SELECT njia, tarehe, saa, gari,
  ROW_NUMBER() OVER (
    PARTITION BY njia, tarehe
    ORDER BY saa, id
  ) AS namba
FROM safari
ORDER BY njia, tarehe, namba;

Tazama mstari wa PARTITION BY. Huo ndio unaogawa makundi: njia na tarehe zikifanana, rekodi ziko kundi moja. Ukiondoa tarehe, hesabu ya Likoni–Ukunda itaendelea siku hadi siku bila kurudi 1. Ukiweka gari mahali pa njia, utajua kila gari limepiga tripu ngapi siku hiyo.

ORDER BY ziko mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya ndani huamua nani apewe 1. Ya nje hupanga tu matokeo unayoyaona kwenye skrini.

Hapa kwenye saa ndipo naomba tutulie, maana kuna dereva anayelipwa kwa hesabu hii. Magari mawili ya njia moja yakiandikwa saa 07:00, hifadhidata iko huru kumpa yeyote namba ya mbele, na ukiuliza tena huenda ikabadilisha. Ndiyo maana nimeongeza id mwishoni: saa zikilingana, rekodi iliyoingia mapema hutangulia. Ukitaka waliolingana washiriki namba, tumia RANK, itakupa 1, 1, 3. Au DENSE_RANK, itakupa 1, 1, 2.

Kagua pia saa zenyewe zilivyoandikwa. Karani mmoja stejini huandika saa moja asubuhi kama 07:00, mwenzake akaandika 01:00 kwa kufuata saa zetu za Kiswahili. Amri yako itakuwa sahihi na hesabu itakuwa mbovu. Kubalianeni mtindo mmoja kabla ya kuingiza chochote. Tena safuwima hiyo iwe ya aina ya TIME. Ikiwa ni maandishi, 10:05 itatangulia 7:30, kwa kuwa herufi 1 huja kabla ya 7.

Sasa tuseme unataka tripu tatu za mwanzo za kila njia kila siku. Ukiandika WHERE namba <= 3 ndani ya amri ileile, utapata kosa, kwani WHERE huchuja rekodi kabla namba hazijatolewa. Ifunge amri yote ndani ya WITH, inayoyapa matokeo yake jina la muda, ukiacha ORDER BY ya nje:

WITH hesabu AS (
  SELECT njia, tarehe, saa, gari,
    ROW_NUMBER() OVER (
      PARTITION BY njia, tarehe
      ORDER BY saa, id
    ) AS namba
  FROM safari
)
SELECT * FROM hesabu
WHERE namba <= 3
ORDER BY njia, tarehe, namba;

Je, namba hizi tuzihifadhi kwenye jedwali? Kwa ripoti, usizihifadhi. Tripu ya 06:40 ikiingizwa jioni kwa kuchelewa, namba zote za baada yake zitakuwa na makosa, ilhali amri hii ikiendeshwa tena itazipanga upya yenyewe. Lakini namba iliyochapishwa kwenye risiti ya abiria ni tofauti. Hiyo haitakiwi kusogea tena, kwa hivyo itengenezee safuwima yake na uijaze pale pale risiti inapotolewa.