Majani Huanza Kuaga Agosti: Mhadhara kwa Wanaotembea Msitu wa Epping

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nashukuru mmekuja na jua hili bado linawaka dirishani, maana najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja.

Nianze na swali lile lile. Majani ya huku Uingereza huanza kupukutika lini? Naona mnatabasamu, mnajua ninapoelekea. Mtaniambia Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma. Wengine watasema tarehe 1 Septemba, kwa sababu watabiri wa hali ya hewa ndivyo wanavyohesabu. Wengine 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Sawa, kila hesabu ina kazi yake. Lakini mimi napita njia moja kila Jumamosi katika Msitu wa Epping, ukingoni mwa London: natoka stesheni ya Chingford, nafuata bwawa la Connaught Water, napanda hadi High Beach. Na nawaambia, Agosti hii yameanza. Jumamosi iliyopita yalikuwa tayari yameanza.

Kabla sijaenda mbali, jina. Nimeona kamusi na vitabu vikiyaita majira haya "vuli". Jamani! Mimi ni mtu wa Muheza. Vuli ni mvua. Vuli ni Oktoba mpaka Disemba, watu wako shambani wanapanda, ardhi inanukia. Huwezi kuchukua jina la wakati wa kupanda ukalibandika kwenye wakati ambapo mti unafunga duka. Mtoto aliyezaliwa hapa ukimwambia "vuli", halafu akaenda likizo kwa bibi yake Tanga akakuta vuli ni kijani kitupu na matope, atakuona ulimdanganya. Mimi nayaita mapukutiko. Kama mna neno bora, leteni, lakini vuli niachieni kwa wakulima.

Na majina ya miti nitayaswahilisha kutoka Kilatini pale ambapo hatuna yetu. Mwaloni tunao. Betula ni ule wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Fagusi ni ule wenye gome laini la kijivu kama ngozi ya ndovu, ambao umejaa High Beach.

Sasa, kwa nini sisi hasa hatuyaoni mapukutiko yakianza? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu ni saa yetu. Kiswahili kinahesabu saa kwa jua. Linachomoza, saa kumi na mbili. Linazama, saa kumi na mbili. Kwetu inawezekana, kwa sababu Unguja au Mombasa tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki hata saa moja. Tumelelewa na jua mwaminifu. Jua la namna hiyo halikufundishi kulichunga. Ukaja London, mwezi Juni mchana ni karibu saa kumi na sita na nusu, jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Unashangaa wiki ya kwanza, kisha unanunua pazia zito, basi. Leo litazama kama saa mbili na robo. Kwa miezi miwili jioni imekatwa zaidi ya saa nzima, na mwisho wa mwezi huu mchana utakuwa chini ya saa kumi na nne. Nani kati yetu ameliona hilo?

Nitawaambia nani ameliona. Mwaka jana niliuliza swali hili hili, na mama mmoja mtu wa Lamu, aliyeketi pale karibu na mlango, akanijibu bila kufikiri: "Mwanangu, Magharibi yanakuja mbio." Hakuwahi kuingia msituni. Lakini anaswali, na ratiba ya msikiti iko ukutani jikoni kwake, na kila jioni Magharibi yanasogea dakika mbili. Yeye na mwaloni wanasoma ratiba moja. Kwa sababu mti wa huku unapima usiku. Baridi inauharakisha au inauchelewesha, lakini agizo la kwanza linatoka kwenye urefu wa usiku, na usiku umekuwa ukirefuka tangu mwishoni mwa Juni.

Na hapa nifike kwenye tawi langu. Najua mmeshalisikia. Mtalisikia tena, kwa sababu kila mwaka kuna anayeniambia kwamba majani "yanakufa halafu yanaanguka".

Karibu na Connaught Water kuna mwaloni mmoja. Julai moja upepo ulivunja tawi lake, tawi nene kama paja la mtu mzima, likabaki limening'inia kwa gamba. Majani yake yakakauka ndani ya majuma mawili, kahawia kabisa, huku mti mzima uliobaki ni kijani. Kila Jumamosi napita, natazama. Ikaja Septemba, Oktoba. Mwaloni ukaanza kugeuka rangi, ukapukutika. Disemba mti umebaki mifupa mitupu. Isipokuwa lile tawi. Lile tawi lililokufa Julai lilikuwa bado limevaa majani yake yote, yanachakarika kwa upepo. Nikavuta jani moja, halikutoka. Nikavuta kwa nguvu, likachanika, na kikonyo kikabaki kimeng'ang'ania tawini.

Mmeona? Kama jani lingeanguka kwa sababu limekufa, lile tawi lingekuwa la kwanza kuwa tupu. Jani halianguki kwa udhaifu wake. Mti ulio hai ndio unaolikata. Chini ya kikonyo, pale kinapogusa tawi, mti unajenga tabaka jembamba la chembechembe, unalitenganisha jani, unaziba kidonda kabla hakijawa kidonda. Na kabla ya kukata unarudisha akiba. Unaivunja klorofili, ile rangi ya kijani, unavuta naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani, unaviweka kwenye gome na mizizi kwa ajili ya mwaka ujao. Ile njano mnayoipiga picha haikuongezwa. Ilikuwamo kwenye jani tangu Mei, imefunikwa na kijani. Wekundu ndio mpya, mti unautengeneza mwishoni. Kazi yote hiyo ni ya kiumbe hai, inachukua majuma mengi, na inaanzia ndani, pasipoonekana. Ukisubiri jani lianguke ndipo useme mapukutiko yamefika, umefika shambani watu wanabeba magunia.

Kuna mzee alinisimamisha hapa hapa mwaka juzi, akasema: mbona fagusi wachanga na wale waliopandwa kuwa uzio wa bustani wanabaki na majani makavu mpaka Machi? Swali zuri sana, na nilifurahi kwa sababu alikuwa amekwenda kutazama. Ni kweli. Fagusi na mialoni michanga mara nyingi haimalizi lile tabaka la kukatia. Inaiacha kazi nusu, inaimaliza majira ya kuchipua. Lakini linganisha na tawi langu: yule fagusi akifika Aprili anaachia majani, chipukizi zinatoka. Tawi lililovunjika haliachii kwa hiari kamwe.

Sasa nije kwenye hasira yangu ya kila mwaka. Mnipigie simu kwa lolote, lakini msinipigie Julai kuniambia "mapukutiko yamewahi" kwa sababu mmeona ule mchestnati wa farasi kando ya barabara umekuwa kahawia. Ule mti unaliwa! Kuna nondo mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele, aliyeonekana mara ya kwanza nchini hapa mwaka 2002, kule Wimbledon. Viwavi vyake vinaishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, vinachimba. Chukua jani, liinue juani, utaona mashimo ya kahawia yenye mipaka, katikati ya mishipa. Mti haujakata chochote. Mwakani utachipua tena, na nondo atarudi.

Na mwaka 2022, mnaukumbuka, tarehe 19 Julai joto lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza kupimwa nchini hapa. Agosti ile njia yangu ilikuwa zulia la majani ya betula. Watu wakaandika kila mahali kwamba majira yamegeuka. Hapana. Miti ilikuwa na kiu, ikatupa majani kuokoa maji. Mtaniambia: hata mbuyu wetu unapukutika wakati wa kiangazi, kuna tofauti gani? Tofauti ni kile mti unachosikiliza. Mbuyu unasikiliza maji, na una shina la kuhifadhi maji, miezi mingi bila jani si taabu kwake. Mwaloni na betula ya huku husikiliza nuru. Mwaka 2022 ililazimishwa kuishi kama mbuyu bila kuwa na kiriba cha mbuyu, na majani mengi yalianguka kabla akiba haijarudi. Hiyo ni hasara. Mtu anayeita hasara "majira" hataona mti ukiumwa.

Ndiyo maana nasisitiza njia moja, tena na tena. Ukienda msitu mpya kila wiki utaona uzuri tu. Ukirudi mti ule ule, unajua kahawia hii ilikuwapo Juni, na njano hii ni ya leo.

Naambiwa nina dakika chache. Haya, dalili zenyewe kwa haraka, za Jumamosi iliyopita.

Kimya angani. Teleka, wale ndege wa mabawa kama mundu wanaopiga kelele juu ya paa za Walthamstow tangu Mei, wameondoka. Wanakwenda anga ya bonde la Kongo. Kekeo waliokomaa, ndege wahamaji pia, waliondoka mapema zaidi, wengine tangu Juni. Wataalamu wa ndege wa hapa wanawafuatilia kwa satelaiti tangu 2011, na wamewaona wakifika Kongo vilevile. Kwa hiyo wakati wewe bado umevaa kandambili hapa Leyton, mtu wa Afrika ana mgeni wako juu ya mti wake.

Kisha robini, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa. Julai alinyamaza, anabadili manyoya. Sasa ameanza tena, lakini sauti ni nyembamba, inateremka, na majike pia wanaimba, kila mmoja analinda eneo lake la kipupwe. Ukiisikia mara moja hutaisahau.

Kangaga kwenye sehemu wazi zimeanza kuwa na ncha za shaba. Betula ina majani ya njano machache, ya ndani na ya chini kwanza, kama mvi za pembeni. Matunda ya sambuku, kile kichaka cha vitunda vyeusi, yanaiva. Wajerumani katika hesabu yao ya majira wanalitumia tunda hilo hilo kuwa alama ya mapukutiko ya mwanzo, na nadhani wana akili. Utando wa buibui wenye umande asubuhi. Uyoga nilitaka kuuzungumzia kwa kirefu, lakini basi, na msile uyoga uliochumwa na mtu asiye mjuzi.

Kuhusu tabianchi, kwamba joto linachelewesha rangi: ni suala zito, na haliwezi kujibiwa bila watu wanaoandika tarehe. Bwana mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika dalili za majira shambani kwake mwaka 1736, na familia yake ikaendelea kwa vizazi. Hakuwa na chombo chochote zaidi ya macho na kalamu. Sisi tuna nini kinachotuzuia?

Jumamosi tukutane stesheni ya Chingford saa tatu asubuhi, saa yetu. Njooni na daftari na viatu vya kufunga. Yule mama wa Lamu amekubali kuja, na atakuja na ratiba ya msikiti. Tutaanzia kwenye mwaloni wa Connaught Water. Tawi lilishaanguka, lakini kovu lipo, nitawaonyesha mahali lilipokuwa.