Mshahara wa Shirley Temple

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Walionisikia zamani wanajua ninakoelekea, nami nitakwenda huko huko.

Kila ninapolitaja jina la Shirley Temple, yule mtoto nyota wa filamu za Marekani, watu hunitajia nywele. Haya, tuanze na nywele: misokoto 56, mama yake akiihesabu na kuibana kwa pini. Mtoto alikwenda kulala na sare ya kazi kichwani! Alizaliwa mwaka 1928 huko California, lakini kampuni ya filamu ilimpunguzia mwaka mmoja ili aonekane mdogo zaidi, na yeye mwenyewe akafichwa. Siku aliyodhani anatimiza miaka 12 ndipo mama yake alipomwambia ametimiza 13.

Sasa lile sanduku. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Alipoanza filamu fupi mwaka 1932, hata miaka minne hajafikisha, pale studio palikuwa na sanduku kubwa jeusi, mtu anaweza kuingia, na ndani yake pande la barafu. Mtoto aliyefanya utundu alifungiwa humo. Hebu tazameni: ametoka kwenye joto la taa, jasho linamtiririka, anatiwa gizani peke yake, na pa kukaa hana ila juu ya barafu. Shirley alitiwa humo zaidi ya mara moja. Mwaka 1988, alipoandika habari za maisha yake, alisema sanduku lile halikumdhuru. Lilimfundisha kwamba muda ni pesa. Watu hunirudishia maneno hayo wakidhani wamenifunga mdomo. Mimi nasema huo ndio ushahidi wangu! Mtoto wa umri huo ameshajua kwamba akichezea dakika amechezea pesa ya mtu. Huyo ni mfanyakazi. Na mfanyakazi ana ujira. Ujira wake ulikwenda wapi?

Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna nyota Marekani aliyejaza kumbi za sinema kumzidi. Kwa jumla alichuma dola milioni 3.2. Alipokuja kuzifungua hesabu zake, mtu mzima sasa, alikuta dola 44,000. Katika kila dola aliyoichuma, amebakiziwa senti moja na kipande.

Mtasema, wazazi walimlea. Kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi, tangu lini likawa deni la mtoto? Na baba yake alikuwa mtu wa benki, hesabu alizijua.

Mtasema tena, mbona maisha yake hayakuharibika? Kweli. Aliacha filamu mwaka 1950. Mwaka 1972 aliondolewa titi kwa saratani akalisema hadharani, wakati wanawake wengi wakificha. Akawa balozi Ghana mwaka 1974, kisha Chekoslovakia mwaka 1989. Hayo yanataka mhadhara wake, na naona naonyeshwa saa. Lakini ubalozi haukumrudishia hata dola moja ya utoto wake.

Nimalizie sheria. Mwaka 1938 Jackie Coogan, naye nyota tangu utotoni, aliwashtaki mama yake na baba wa kambo kwa pesa zake, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kulinda ujira wa watoto waigizaji. Sheria yenye tundu: ujira wa mtoto uliendelea kuhesabiwa mali ya wazazi. Tundu hilo lilizibwa mwaka 2000. Shirley Temple alikuwa na miaka 71.