Waliojificha Ndani ya Neno "Mdudu"

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha mashamba asubuhi hii.

Kuna kijana kaniuliza pale mlangoni: duniani kuna aina ngapi za wanyama? Waliokwisha kupewa majina na wanasayansi ni zaidi ya milioni 1.5. Wanaonyonyesha, tangu tembo hadi panya, na sisi wenyewe tumo, hawafiki 7,000. Ndege ni kama 11,000. Wadudu peke yao, takriban milioni 1!

Sasa, nani hapa hajaumwa na maji moto, wale wadudu jamii ya sisimizi wanaojenga viota mitini, akipogolea mikorosho? Siku nyingine, ukishajikuna, rudi ukitazame kile kiota. Wanajipanga ukingoni mwa jani, wanaliuma jani la pili na kulivuta. Likiwa mbali, wanashikana viunoni mpaka wanakuwa mnyororo. Kisha anakuja mwenzao kabeba buu mdomoni, anampitisha jani hili, jani lile, kama fundi na sindano, na buu anatoa uzi wa hariri unaoyaunganisha majani. Wakubwa hawana uzi huo. Nyumba nzima imeshonwa kwa uzi wa watoto! Nimewatazama miaka mingi na bado nasimama pale nikiduwaa.

Na hao ndio wanaomwinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka. Ukipuliza dawa ovyo, umeua mwizi na mlinzi pamoja.

Kiswahili kimewapa siafu, sisimizi na maji moto kila mmoja jina lake kwa sababu wanatuuma au wanaingia kwenye sukari yetu. Asiyetugusa tumemwita mdudu, basi. Hata akitoweka, hatuna jina la kumuulizia.

Komba, wale wanyama wadogo wa usiku, nao ni hivyohivyo: aina nyingi, jina moja. Kule Rondo, mkoani Lindi, yuko komba wa gramu kama 60 tu, mkia umechanua kama brashi ya kuoshea chupa. Anaishi Tanzania pekee, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Wanasayansi walimtambua kuwa ni aina tofauti na komba wengine miaka ya 1990 tu, na mlio wake wa usiku ulisaidia sana, maana kwa macho komba wadogo wanafanana mno.

Kabla ya maswali, wazee wa Kimwera na Kimakonde mliopo, nisaidieni: kwenu komba ana jina moja, au zaidi? Daftari ninalo hapa.