Pointi za Nyani

ZUHURA: Tumeshaanza, Rama, weka simu chini. Wasikilizaji, kaka yenu leo kaja amenuna.

RAMA: Sijanuna, nina mkataba. Jumanne nimeitwa kucheza tamthilia. Yule baba mwenye nyumba mkali.

ZUHURA: Kama kawaida yako.

RAMA: Sura ndiyo hii, nifanyeje? Nikauliza malipo. Prodyuza anasema, "Kaka, wewe tunakuweka kwenye faida, asilimia tano." Hela ya mkononi hakuna, nauli hakuna. Nimekuletea uisome, wewe si mhasibu?

ZUHURA: Lete. "Faida itakayobaki baada ya gharama zote kama atakavyoamua mtayarishaji." He! Rama, asilimia hizi ni pointi za nyani.

RAMA: Unanitukana hewani, Da Zuhura?

ZUHURA: Simo mimi, kasema mwigizaji Eddie Murphy. Unaikumbuka *Coming to America*, ya mwaka 1988? Alipocheza mwana wa mfalme wa Zamunda?

RAMA: Nani asiyeikumbuka?

ZUHURA: Iliingiza zaidi ya dola milioni 250. Mwandishi Art Buchwald akawashtaki Paramount, studio iliyoitoa, kwamba wazo lilikuwa lake, na mwaka 1990 akashinda. Mkataba wake ulimpa asilimia ya faida halisi. Paramount wakafungua daftari: faida hakuna, filamu ina hasara.

RAMA: Zamunda ina hasara?

ZUHURA: Si wanakata ada ya usambazaji, matangazo, riba, mpaka gharama za ofisi za studio. Murphy yeye alijua, alijadiliana apewe asilimia ya mapato ghafi. Inatoka juu kabla hakijakatwa kitu. Hizo asilimia za faida halisi ndizo alizoziita pointi za nyani.

RAMA: Ngoja kwanza. Hela ya mdhamini wetu wa mwezi uliopita. Mimi nilikuwa ghafi au nyani?

ZUHURA: Turudi kwenye mada.

RAMA: Mada ndiyo hii!

ZUHURA: Tulitoa bando, tukatoa bodaboda, tukatoa sambusa...

RAMA: Sambusa alikula nani?

ZUHURA: Mgeni.

RAMA: Mgeni alikuwa amefunga!

ZUHURA: Rama, tuna filamu za mfululizo za kuzungumzia. Jack Nicholson, *Batman*, 1989. Alikubali mshahara mdogo kuliko aliozoea, akachukua sehemu ya mapato pamoja na bidhaa. Kila fulana yenye nembo ile, naye yumo. Inasemekana alitoka na zaidi ya dola milioni 50.

RAMA: Huyo si nyani.

ZUHURA: Alec Guinness naye, *Star Wars* ya 1977, alipata asilimia mbili na ushei kutoka fungu la mwongozaji George Lucas. Sasa mchukue David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader. Alisema kwa miaka mingi alikuwa akiambiwa *Return of the Jedi*, ya mfululizo huo huo, haijapata faida.

RAMA: Nyani mweusi mwenye kofia! Na sauti yenyewe hawakutumia yake.

ZUHURA: Ya James Earl Jones. Mfalme wa Zamunda huyo huyo.

RAMA: Toba! Kila njia inarudi Zamunda. Lakini nikwambie, mwenye kosa ni Murphy. Aliyechota juu ndiye aliyewaachia wenzake daftari tupu. Paramount wenyewe waliyahesabu malipo yake kama gharama.

ZUHURA: Daftari la Paramount, umlaumu Murphy? Fomula waliandika wao. Jaji alisema sehemu zake kadhaa ni za uonevu kabisa.

RAMA: Na Buchwald akapewa ngapi?

ZUHURA: Dola 150,000.

RAMA: Na Murphy?

ZUHURA: Inasemekana milioni nane, kabla ya asilimia.

RAMA: Umeona! Wale waigizaji sita wa tamthilia ya *Friends* walikaa pamoja wakadai kwa sauti moja, wakafika milioni moja kila mtu kwa kila sehemu. Mastaa wa sinema kila mmoja anavuta kwake.

ZUHURA: Wale sita walikuwa sawa. Robert Downey Jr. inasemekana alianza *Iron Man* na laki tano za dola mwaka 2008, mwaka 2012, kwa *The Avengers*, ikafika milioni 50. Watu walikwenda kumtazama yeye. Awaombe radhi kina nani?

RAMA: Wanaocheza baba mwenye nyumba.

ZUHURA: Nyani haoni kundule. Wewe ukiwa MC kwenye harusi unalipwa ghafi. DJ je?

RAMA: DJ ana mkataba wake.

ZUHURA: Haya!

RAMA: Si sawa hata kidogo. MC mmoja, DJ mmoja.

ZUHURA: Ni sawa kabisa.

RAMA: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali. Mlango unagongwa, vijana wa kaswida wanataka studio yao.

RAMA: Tuliahidi mambo matatu ya kuangalia kabla ya kusaini.

ZUHURA: Hatujafika hata la kwanza. Mwigizaji Scarlett Johansson aliyewashtaki Disney pia hatujamgusa.

RAMA: Lakini la Murphy nimeshinda.

ZUHURA: Umeshinda wapi? Wasikilizaji, huyu...

RAMA: Kwa herini!

ZUHURA: Usizime, sijamal—