Mnaouliza mbona siji kumsalimia mama, haya

Jamani, swali ni lile lile chini ya kila video: "Kaka, miaka minne uko Houston, mbona huji Nyarugusu hata kumwona mama?" Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikotoka. Wengine mnamalizia kabisa, eti naringa. Siringi. Wala silii, maana nikigusa tu kodi ya nyumba mtasema nalia.

Kuna mshairi wa Palestina, Mahmoud Darwish. Nilimjua kwa mzee mmoja tunayepanga naye maboksi ghalani usiku. Darwish alifia hapa hapa Houston, tarehe 9 Agosti 2008, baada ya upasuaji wa moyo.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 7, familia yake ilikimbia kijiji cha al-Birwa, Galilaya, ikaingia Lebanoni. Walirudi mwaka uliofuata kwa kujificha. Kijiji kimebomolewa, watu wameshahesabiwa, wao hawamo kwenye daftari la Israeli. Kisheria wakaitwa waliopo wasiokuwepo. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Maana mimi karatasi inasema nimezaliwa 1 Januari. Mama naye 1 Januari. Jirani, 1 Januari! Mama alimweleza karani kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Karani alikuwa na foleni. Sasa jina la baba limepishana herufi moja kwenye karatasi mbili, na kwa herufi hiyo ombi langu la hati ya kusafiria limerudishwa mara mbili. Ada hairudi. Na nauli ya ndege iliyonileta ulikuwa mkopo, nimemaliza kuulipa juzi. Binamu yangu anayesema kwenye grupu kwamba nilipewa bure, umesikia?

Darwish alimjibu karani wake kwa shairi, mwaka 1964. Andika, anamwambia, mimi Mwarabu, nina watoto wanane, wa tisa anakuja baada ya kiangazi. Tangu hapo hakuacha kuandika, zaidi ya miaka 40. Ana kitabu kizima cha siku moja ya Agosti 1982, Beirut inapigwa mabomu, naye anaomba yanyamaze dakika 5 tu apike kahawa. Dakika 5! Kahawa yangu mimi ni samaki, mgebuka wa kukaanga wa bibi, kule Baraka, Kongo.

Yeye aliruhusiwa kurudi miaka ya 90, akaishi Ramallah, na ndiko alikozikwa. Siyo al-Birwa.

Haya ni yangu peke yangu. Wapo wa Nyarugusu waliopata hati, wakaenda, wakarudi, waulizeni wao. Mimi kesho napeleka fomu ya tatu. Jina la baba nimeliandika kwa herufi kubwa.