Jinsi ya kutoa toleo la kurekebisha bagi la Apache Kafka, hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunatoa toleo la kurekebisha bagi, yaani kasoro za programu, na tunatumia Apache Kafka, ile programu huria ya kupitisha data mfululizo iliyoanzia LinkedIn na kufunguliwa kwa wote mwaka 2011. Tuchukulie 4.0.0 iko nje tayari, watu wanaiendesha, bagi zimeonekana, sasa tunataka 4.0.1. Hiyo namba ya mwisho ni ahadi, mtu anapandisha toleo akiamini hakuna kitakachobadilika kwake isipokuwa ubovu kuondoka, kwa hiyo kila tutakachofanya hapa tunailinda hiyo ahadi.

Anza kwa kujitolea kuwa msimamizi wa toleo, watumie wasanidi wenzako mpango wa tarehe, kisha fungua JIRA, ule mfumo wa kufuatilia kazi za mradi, uchuje tiketi zote zilizowekewa 4.0.1. Hapa msikimbie jamani. Kila tiketi jiulize, hii inarekebisha nini? Broka, yaani seva ya Kafka, inapoteza meseji, ingia. Konsyuma, yaani programu inayosoma meseji, inakwama makundi yakigawana upya patishoni, yaani vipande vya data, ingia. Maktaba tunayoitegemea imekutwa na tundu la usalama, ingia haraka sana. Ila mtu akileta mpangilio mpya anaodai ni mdogo tu hauna madhara, mwambie asubiri toleo la vitu vipya kama 4.1, na kama badiliko linahitaji KIP, yaani lile pendekezo rasmi la kugusa sehemu ambazo watumiaji wanazitegemea, hapo hakuna mjadala, haliingii. Mimi naona kazi ngumu ya msimamizi ni hii ya kukataa, maana wanaoomba ni watu wazuri na wamehangaika na kazi yao.

Haya, twende kwenye terminali. Marekebisho yanaingia kwanza trunk, lile tawi kuu la msimbo, halafu ndo tunayaleta kwenye tawi la 4.0:

git checkout 4.0
git cherry-pick -x namba-ya-komiti

Hiyo -x msiisahau, inaandika kwenye ujumbe komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye Git, imetoka wapi, na baadaye mtu akifuatilia bagi ataona njia yote. Ukipata mgongano usikisie, mtafute aliyeandika marekebisho muutatue pamoja, kwa sababu tawi la zamani linaweza kuwa na msimbo tofauti kabisa na trunk na marekebisho yakakaa vizuri kwa macho huku yanaharibu kitu kingine.

Sasa majaribio. Endesha ya kawaida, endesha na yale ya mfumo mzima yanayowasha klasta, yaani broka kadhaa kwa pamoja, na kupandisha toleo kutoka la zamani. Kuna majaribio kigeugeu, leo yanapita kesho yanaanguka, usiyapuuze kwa mazoea tu, soma logi kwanza ujue ni kigeugeu kweli au ni bagi inabisha hodi.

Yakipita tunatengeneza toleo la mgombea (rc), lile la kupigiwa kura kabla halijawa rasmi. Unahitaji ufunguo wa GPG wa kutia saini, tumia RSA ya biti 4096, na ule wa hadharani uwe umeshaingia kwenye faili la KEYS la mradi. Halafu endesha skripti ya release.py, yenyewe itakuuliza maswali, itaweka tagi, yaani alama ya jina kwenye komiti, ya 4.0.1-rc0, itajenga vifurushi, itavitia saini na kuvipandisha sehemu ya majaribio. Kila kifurushi kiwe na faili la .asc ambalo ni saini na la .sha512 la kuhakiki.

Kura sasa. Itisha kwa barua pepe, iachwe wazi angalau saa 72, na zinahitajika kura za ndiyo zisizopungua 3 kutoka kwa wanakamati wa mradi, na ndiyo ziwe nyingi kuliko hapana. Kwenye kura ya toleo hakuna veto, lakini mtu akionyesha meseji zinapotea, futa kura, rekebisha, toa rc1 kwa tagi mpya. Tagi ya zamani usiisogeze kabisa.

Na wewe unayepiga kura, usiandike ndiyo kwa kuangalia jina la msimamizi, pakua uhakiki:

gpg --verify kafka-4.0.1-src.tgz.asc kafka-4.0.1-src.tgz

Jenga kutoka kwenye msimbo wenyewe, fomati hifadhi kwa kafka-storage.sh maana 4.0 haina tena ZooKeeper, ule mfumo wa nje uliokuwa ukiratibu broka, washa broka, tengeneza topiki, yaani mkondo wa meseji wenye jina, tuma meseji uzisome. Ukimaliza andika ulichojaribu, hiyo inamsaidia kila mtu.

Kura ikipita hamisha vifurushi kwenda eneo rasmi la kupakua, weka tagi ya 4.0.1 kwenye komiti ileile iliyoshinda, kisha achilia jar, yaani vifurushi vya Java, kwenda Maven Central, ile hazina ya maktaba za Java. Hapo pumua kwanza uangalie mara mbili, jar ikishafika kule haifutiki. Toa na picha ya Docker, yaani kifurushi cha kuendesha Kafka kwenye kontena, subiri seva zote zipate nakala, ndo utangaze, na kama kulikuwa na tundu la usalama taarifa yake rasmi, CVE, itoke sasa watu wakiwa na dawa mkononi.

Bado kidogo, msiondoke. Kwenye JIRA weka alama kuwa 4.0.1 imetoka, tawi lisogeze kwenda 4.0.2-SNAPSHOT, yaani toleo linaloendelea kutengenezwa, na kule trunk ongeza 4.0.1 kwenye majaribio ya kupandisha toleo, ili atakayetoa linalofuata apime kutokea hapa.