Barua Sitini za Kathryn Stockett

Ndugu zangu waandishi, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kukataliwa, na kwa hilo nina uzoefu wa kutosha. Mnacheka, lakini najua humu ndani tuko wengi.

Kwetu mtu hupeleka mswada wake moja kwa moja kwa mchapishaji. London na New York kuna mlango mwingine kwanza: wachapishaji wakubwa wengi hawapokei mswada usiopitia kwa wakala. Wakala akikukubali, anakitafutia kitabu chako mchapishaji na kukiuza kwa niaba yako, na kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato yako. Akidai ada ya kukusomea tu, huyo mkimbieni.

Tunasimuliwa sana habari za Kathryn Stockett, Mmarekani aliyeandika riwaya ya The Help. Alikataliwa na mawakala mara 60, kwa miaka mitatu na nusu. Barua ya 61 ikatoka kwa wakala Susan Ramer, akamkubali, na kitabu kikachapishwa mwaka 2009. Wasimulizi huishia hapo, wakatuambia tuvumilie. Mimi naona wameruka penye utamu. Mama huyu kila akikataliwa alirudi mezani kuandika upya. Hata alipokwenda kujifungua alikwenda na mswada. Ikafika mahali anaona haya kusema bado anahangaika na kitabu kile kile. Akawa anaaga kwamba anakwenda kutembea na rafiki zake, kumbe kajifungia hoteli ya jirani anaandika. Kwa hiyo Ramer hakusoma mswada ule ule aliousoma wakala wa kwanza.

Barua yangu ya kwanza ya kukataliwa ilinikuta ndani ya daladala. Sentensi mbili tu: asante kwa kututumia kazi yako, hatukuvutiwa nayo vya kutosha. Nikapitilizwa kituo. Barua ya namna hiyo hutumiwa kila mtu, usiipigie ramli. Ya 11 ndiyo ilikuwa na maneno. Wakala alimtaja mhusika wangu kwa jina, akasema hadithi inaanza ukurasa wa 40. Nilinuna siku tatu. Ya nne nikaufungua ukurasa wenyewe: bibi anafungua sanduku la marehemu mumewe, anakuta kanga isiyo yake. Kurasa 39 za mbele yake? Mvua, minazi, na mimi kujisikia mwandishi. Nikazikata.

Wakala bado sina. Juzi nimetuma barua nyingine sita, na mswada sasa unaanza na sanduku.